Nani Anaiba Maji ya Rejeta?

Newala maji yana vyeo. Maji yanayotoka bombani ni ya kunywa na kupikia. Yakishaosha mchele, yanaosha sufuria. Yakishaosha sufuria, yanaosha miguu ya watoto. Baada ya hapo yanamwagiwa mchicha, na mchicha hauulizi yalikotoka.

Nyumbani kwa Erasto, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Salome, kulikuwa na cheo kimoja zaidi. Maji ya kusuuzia nguo, yakiwa bado na povu la sabuni, yalipewa gari. Erasto aliyamimina kwenye rejeta mpaka ikajaa, kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Nyumba hii haipotezi tone," alijisifu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu. Lilikuwa kuukuu kiasi kwamba mabasi yakipishana nalo yalipunguza mwendo kwa adabu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira. Honi ililia ikitaka yenyewe; ukiibonyeza, ilinuna. Lakini gari hilo ndilo lililomsomesha Salome uuguzi. Ndilo lililoezeka nyumba bati. Na msimu wa korosho ukifika, magunia ya nusu ya mtaa yalipanda mgongoni mwake kwenda ghalani.

"Siku gari hili likifa," mkewe Claudia alizoea kusema, "na sisi tutaanza kuomba lifti kwa watu."

Sasa ilikuwa Septemba. Korosho za kwanza zilishaanza kudondoka. Msimu wa kuuza ulibakiza wiki tatu ufunguliwe. Na hapo ndipo maji ya rejeta yalipoanza kupotea.

Siku ya kwanza Erasto aliongeza kopo moja. Siku ya pili, makopo mawili. Siku ya tatu aliinama chini ya gari kutafuta tone. Mchanga ulikuwa mkavu kabisa.

"Mama Salome!" aliita. "Njoo uone maajabu. Maji hayajamwagika, na hayapo."

Claudia alikuwa anakaanga maandazi. Hakugeuka. "Labda yameenda kwa fundi. Nenda na wewe."

"Fundi wa nini? Injini ni nzima. Tena hujui, siku hizi inazaa oili! Nikichomoa kijiti cha kupimia, oili imepanda kuliko jana. Watu wananunua oili, mimi ya kwangu inaongezeka yenyewe."

"Ina mimba?"

"Cheka tu. Mimi nakwambia hapa kuna mwizi wa maji."

Msimshangae. Mahali pengine mwizi huiba betri. Newala, mwezi wa Septemba, mtu akipotelewa na maji hafikirii tundu. Anafikiria jirani.

Jioni hiyo Erasto alimwaga majivu kulizunguka gari, ili mwizi aache nyayo. Asubuhi alikuta nyayo za kuku, nyayo za mbuzi, na nyayo za viatu vya matairi. Alizifuata hizo za viatu kwa kunyata, fimbo mkononi. Zilimpeleka moja kwa moja mpaka mlangoni kwake. Alivitazama viatu vyake, akafuta majivu kimyakimya.

Siku iliyofuata alifunga boneti kwa mnyororo na kufuli kubwa. Asubuhi kufuli ilikuwa pale pale. Maji yalikuwa yamepungua tena.

"Basi huyu si mwizi wa kawaida," alisema Erasto. Na macho yake yakavuka ua, yakatua kwenye mchicha wa Hamida.

Hamida, Mama Shamila, alikuwa jirani yao wa miaka kumi na minane. Yeye na Claudia walipeana zamu kwenye foleni ya maji, chumvi, na habari zote za mtaa. Yeye na Erasto walipeana matani. Na mchicha wake mwaka huo ulikuwa umestawi. Ulikuwa wa kijani mpaka nzi waliotua juu yake walipotea.

Asubuhi hiyo hiyo, kwenye kioski cha maji, mbele ya foleni ya ndoo arobaini, Erasto alisema kwa sauti ya mkutano:

"Mama Shamila, mchicha wako unapendeza. Unaumwagia maji ya rejeta ya nani?"

Watu walicheka. Hamida naye alicheka, akidhani ni matani ya siku zote. Kisha akamtazama usoni.

"Baba Salome, unatania?"

"Sitanii. Maji yangu yanapotea kila siku, na bustani iliyo hai mtaa mzima ni moja."

Hamida alitua ndoo yake chini taratibu. "Miaka kumi na minane," alisema. "Leo nimekuwa mwizi. Tena wa maji ya kutu!" Akainua ndoo, bado tupu, akaondoka.

Mchana bakuli la Claudia, lililoazimwa na Hamida siku nyingi, lilirudishwa. Lilikuwa limeoshwa likang'aa. Claudia alilishika akakaa nalo jikoni. Bakuli linalorudishwa bila kitu ndani, pale mtaani, lilikuwa barua tosha.

"Umenivunjia nyumba mbili kwa siku moja," alimwambia mumewe. "Ya kwake na yangu."

Siku hiyo Erasto hakupata hamu ya kuwasha gari, wala siku iliyofuata.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, mtu alibisha hodi. Alikuwa Hamida. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye ovaroli la buluu na kisanduku cha spana. Erasto alimfahamu kwa sura. Ni Yuster, fundi mwenye gereji ndogo nyuma ya soko. Ufundi alijifunzia kule Ndanda.

"Shikamoo, Baba Salome," alisema Yuster.

"Marahaba. Karibu. Kuna nini?"

"Nimeitwa kumtafuta mwizi."

"Nimemlipia mimi," alisema Hamida, bila kumwangalia Erasto. "Jina langu lisafishwe hapa hapa, wote mkiona. Nitakaa kwenye kigoda hiki mpaka mwizi apatikane."

Akakaa.

Erasto aliona aibu, na aibu ilimfanya achangamke kupita kiasi. "Hakuna shida! Fundi, ngoja niliwashe ulisikie linavyonguruma. Tena kesho nalipeleka Masasi na mzigo wa..."

"Usiwashe!" Yuster alimshika mkono kabla ufunguo haujazunguka. "Tafadhali, baba. Usiliwashe kabisa. Nipe ufunguo."

Erasto alimpa. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumnyang'anya ufunguo.

"Kwanza tuongee," alisema Yuster. "Maji yanapungua. Chini pakavu?"

"Pakavu."

"Mipira ya maji je? Sakafuni, pale miguu inapokaa?"

"Pakavu pia."

"Limewahi kuchemka?"

Erasto alikohoa. "Kidogo. Mwezi wa saba. Nikipanda mlima kutoka Masasi na saruji."

"Kidogo?" Claudia alidakia kutoka jikoni. "Lilifuka moshi kama tanuri la matofali! Akafungua kifuniko kikiwa cha moto. Kiliruka juu, tukakisubiri kirudi mpaka tukala chakula cha mchana."

"Mungu alikuhurumia, baba," alisema Yuster. "Maji yale yangekubabua uso. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Unazima, unasubiri mpaka unaweza kukishika bila kuungua. Halafu ukafanya nini?"

"Nikalimwagia maji ya baridi lipoe haraka."

"Hapo hapo. Sasa tufungue hiyo kufuli ya benki."

Erasto alifungua kufuli na mnyororo. Hamida alitazama mnyororo ule, akatikisa kichwa, akarudi kutazama mbele.

Injini ilikuwa baridi. Yuster alifungua rejeta akachovya kidole. Kilitoka na maji ya rangi ya matofali, na juu yake utando wa mafuta. Alinusa.

"Hii ni sabuni?"

"Ni maji ya kusuuzia," alisema Erasto. "Hatupotezi tone."

"Mama Shamila," Yuster aliuliza, "ungemwagia mchicha wako maji haya?"

"Hata magugu nisingeyamwagia."

Kisha Yuster alichomoa kijiti cha kupimia oili. Alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Aliwaonyesha wote.

"Alama ya juu ni hii. Oili imefika wapi?"

"Imepita," alisema Erasto. "Si nilisema? Inazaa."

"Injini haizai oili, baba. Inatumia, au inavuja, au inabaki pale pale. Ikiongezeka na wewe hukuongeza, kuna kitu kingine kimeingia. Na rangi yake?"

Claudia alisogea karibu, mikono ina unga. "Chai ya maziwa," alisema.

"Haswa. Oili nzuri ni ya rangi ya asali. Ikitumika inakuwa nyeusi. Haiwi chai ya maziwa mpaka ichanganyike na maji."

Alizungusha kifuniko cha kujazia oili. Chini yake kulikuwa na ute mzito mweupe.

"Hapa msikimbilie kuhukumu," alisema. "Gari linalokwenda safari fupifupi asubuhi za baridi linaweza kupata ute kidogo chini ya kifuniko. Ni jasho tu la injini. Kadhalika moshi mweupe kwenye ekzosi asubuhi: ukiisha baada ya muda mfupi, si ugonjwa. Usipoisha hata injini ikishapata moto, hiyo ndiyo dalili. Dalili moja isikutishe. Lakini hapa maji yanapungua, oili inapanda, na rangi imegeuka. Ni mashahidi watatu wanaosema neno moja."

"Mimi nilihukumiwa kwa shahidi mmoja," alisema Hamida. "Mchicha."

Erasto alijifanya anatafuta kitambaa.

"Gari limelala siku ngapi?" Yuster aliuliza.

"Siku ya tatu leo."

"Vizuri sana. Mama Salome, kwenye sufuria maji na mafuta vikitulia, kipi kinakaa chini?"

"Maji."

Yuster aliingia chini ya gari na beseni. Alilegeza nati ya kumwagia oili polepole, bila kuitoa yote. Wengine watatu waliinama kutazama. Hata mbuzi alisogea. Kilichotoka kwanza hakikuwa oili. Yalikuwa maji machafu, yanayochuruzika kama bomba la Newala siku ya bahati. Baadaye ndipo ikafuata ile chai ya maziwa.

Yuster aliikaza nati, akatoka, akaliweka beseni mbele ya Erasto.

"Mwizi wako huyu hapa. Maji hayakutoka nje ya gari. Yamehamia chumba cha pili."

Erasto alilitazama beseni. Bado alikuwa na ubishi kidogo, kama mtu anayetafuta sarafu ya mwisho mfukoni. "Labda ni oili mbaya tu niliyouziwa."

"Mama Salome, nipe kifuniko cha bati, kipate moto kwenye mkaa. Watu wasogee nyuma."

Kifuniko kilipopata moto, Yuster alichovya kijiti kwenye oili safi aliyokuja nayo na kudondosha tone moja dogo. Lilitandaa kimya, likafuka kidogo. Kisha akadondosha tone la oili ya gari. Chwaaa! Pa! Pa-pa!

Claudia aliruka. "Hiyo ni sauti ya andazi lenye maji kwenye mafuta! Hiyo naijua hata nikiwa usingizini!"

"Tone moja tu, na mbali na petroli," Yuster aliwaonya. "Lakini sikio la mpishi halidanganyiki."

Erasto alikaa chini kwenye mchanga. "Gari langu limekufa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyemtania.

"Halijafa, baba. Lingekufa kesho." Yuster alichuchumaa karibu naye. "Sikiliza. Vyuma vinavyozunguka ndani havigusani. Vinaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Maji yakiingia, utando unakatika. Vyuma vinasagana. Ungefika mlimani na mzigo, ungesikia ko-ko-ko, halafu kimya. Hapo ungekuwa unatafuta injini nyingine. Leo pengine tunatafuta gasketi."

"Gasketi ndiyo nini?" aliuliza Hamida, ambaye sasa alikuwa amesogeza kigoda chake mpaka karibu na gari.

"Injini ina sehemu ya chini na kichwa chake juu, silinda hedi. Katikati yake inalala gasketi, kama mpira wa kifuniko cha chupa ya chai. Kuna njia za maji, njia za oili na matundu ya moto. Gasketi ndiyo inayovitenga. Injini ikichemka, kichwa kinapinda. Ukimwaga maji ya baridi, kinapinda zaidi. Na maji ya sabuni yanakula vyuma polepole. Gasketi inachoka, jirani anavuka ua."

"Jirani huyo wa ndani," alisema Hamida.

"Lakini nisiseme kabla sijapima. Huenda ni kichwa chenye ufa. Magari mengine yana kipoza oili, nacho hutoboka kikaleta ugonjwa huu huu. Fundi anayekwambia fungua kabla ya kupima, anabahatisha kwa jasho lako."

Aliijaza rejeta maji, akafunga mdomoni mwake pampu ya mkono yenye saa ndogo ya kupimia presha. Alipiga pampu mpaka sindano ikafika anapotaka, akaacha. Wakatazama. Sindano ilishuka taratibu. Nje hapakuwa na tone. Alipotoa plagi moja moja kwenye silinda, ya pili ilitoka imeloa.

"Maji yanapita karibu na silinda ya pili," alisema. "Gari hili halina kipoza oili. Sasa nina haki ya kufungua."

Erasto alisimama. "Tulishushe Masasi basi. Mteremko ni mrefu. Nalizima, linateleza lenyewe mpaka chini."

Yuster alimtazama kama mtu aliyesikia habari ya msiba. "Na breki? Injini ikizimwa, pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Ungefika Masasi kweli, lakini ungetangulia wewe na gari likafuata. Gari linabaki hapa. Kinachokwenda Masasi ni kichwa chake tu."

Walifungua mchana ule ule. Gasketi ilitoka imeliwa pembeni mwa silinda ya pili, kuanzia njia ya maji mpaka njia ya oili. Yuster aliweka rula ya chuma juu ya kichwa. Katikati, mwanga ulipenya chini ya rula.

"Kimepinda. Lakini ufa siuoni. Kipimwe, kisawazishwe kwa mashine."

Kabla ya jua kuzama Erasto alivuka ua. Hakwenda mikono mitupu: alichukua bakuli la Claudia, limejaa maandazi. Hamida alikuwa anamwagia mchicha wake maji ya kuoshea mchele.

"Mama Shamila."

"Naam."

"Nilikosea. Nilikukosea mbele za watu, kwa hiyo kesho nitasema mbele za watu hao hao."

"Kwa sauti ile ile?"

"Ile ile."

Hamida alichukua andazi moja, akalikagua pande zote. "Halina maji?" aliuliza. Erasto akacheka mpaka akashika ua.

Kesho yake alitimiza ahadi. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ile, maana habari ilikuwa imetangulia na watu walikuja na ndoo ambazo hawakuzihitaji.

Kutoka kioskini Erasto alipanda basi la Masasi, kichwa cha injini kimefungwa kwa khanga ya Claudia na kupakatwa mapajani. Mama mmoja alimwonea huruma. "Mtoto anaumwa?" alinong'ona. "Anapinda," alijibu Erasto. Yule mama akampisha kiti cha mbele na kumwombea safari nzima. Chini ya vilima vya mawe vya Masasi, fundi mchonga vyuma alikipima kwa maji na hewa, akaona hakina ufa, akakisawazisha.

Yuster alirudisha kichwa na gasketi mpya. Alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana inayopima nguvu, kwa awamu tatu. "Fundi anayekaza kwa hasira anapindisha upya," alisema. Aliitoa ile chai ya maziwa yote, akaiweka kwenye dumu. Hakuimwaga ardhini. Akatia oili ya bei nafuu na chujio jipya, akawasha injini muda mfupi bila mzigo, akamwaga tena. Oili ya pili ilitoka safi. Ndipo akatia oili yenyewe na chujio jingine.

Rejeta aliisuuza mpaka kutu ikaisha. Halafu akaijaza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na maji safi ya mvua yaliyochujwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye galoni.

"Maji safi?" Claudia alishangaa. "Tuliyohifadhi ya kunywa?"

"Gari nalo linakunywa, mama. Tofauti ni kwamba hili, likiwa zima, linakunywa mara moja likatosheka. Mlikuwa mnalinywesha kopo kila siku. Maji yangewaishia, na injini ingeisha pia."

Claudia alipiga hesabu ya makopo kichwani, akakubali.

Msimu ulipofunguliwa, magunia ya kwanza kupakiwa yalikuwa ya Hamida. Mwenyewe alikaa mbele, mlango wa mpira upande wake. Walikwenda ghalani wakarudi, sindano ya joto imetulia katikati safari nzima. Wiki ile gari lilifanya safari kumi na moja. Watu husema magunia yalikuwa elfu moja. Mimi nasema mia moja na kitu, lakini elfu moja inasikika vizuri zaidi.

Tangu hapo kila Jumamosi alfajiri, injini ikiwa baridi na gari limesimama mahali tambarare, Erasto hufungua boneti. Huchomoa kijiti, hukifuta, hukichovya, hukisoma. Huangalia kiwango, huangalia rangi. Kisha hutazama rejeta. Hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Na kila Jumamosi Hamida hupita na ndoo yake kichwani, akielekea kioskini.

"Baba Salome, oili ikoje?"

"Nyeusi kidogo. Haijapanda."

"Na maji?"

"Yapo pale pale."

"Alhamdulillahi," Hamida husema, bila kusimama. "Basi leo sijaiba."